Bufa ya bastola: kipande cha dola chache kinaokoa chuma, ao kinaleta matatizo?

Kila wakati bastola ya nusu-otomatiki inapopiga risasi, chuma kinagonga chuma. Sehemu ya juu inakimbia nyuma, inagonga mwili wa silaha, kisha inarudi mbele na kugonga tena. Mara moja si kitu. Mara elfu kumi ni kitu kingine: chuma kinaanza kupondeka, nyufa zinaweza kutokea, na siku moja kipande kinaweza kuvunjika mukononi mwa mutumiaji.

Juu ya kupunguza mushindo huo, mafundi wa silaha wa Marekani wanauza kipande kidogo cha plastiki laini chenye bei ya dola chache. Kinaitwa bufa. Wapigaji wa mashindano wengi wanakipenda. Wengine wanasema kisiingie kamwe katika silaha ya kazi, ile ya polisi ao ya mulinzi. Pande zote mbili ziko na sababu, na ukiangalia vizuri namna bastola inavyofanya kazi, utaona kwamba hazipingane sana.

Nini kinatokea ndani ya bastola

Tuchukue bastola ya Colt ya mwaka wa 1911, kwa sababu ndiyo ilizaa mabishano haya. Ilichorwa na John Moses Browning, mutoto wa fundi wa silaha wa muji wa Ogden, jimbo la Utah. Jeshi la Marekani liliichagua mwaka wa 1911, kisha mutihani mukali: bastola moja ilipiga risasi 6.000 katika siku mbili bila kukwama. Ilibaki silaha rasmi ya jeshi hilo mpaka mwaka wa 1985.

Bastola hiyo iko na sehemu tatu kubwa za kuelewa. Ya kwanza ni kiunzi, ni kusema mwili wa chini wenye mupini wa kushika. Ya pili ni kitelezo, chuma kirefu cha juu chenye kinateleza mbele na nyuma. Ya tatu ni resori, ile ambayo wengine wanaita springi, yenye kulala chini ya mututu na kusukuma kitelezo mbele.

Risasi yake inapima karibu gramu 15 na inatoka na mbio ya karibu mita 250 kwa sekunde. Kitelezo pamoja na mututu vinapima karibu nusu kilo. Ukifanya hesabu rahisi ya shule, bila kuweka gesi wala musuguano, utaona kwamba vyuma hivyo vinaanza kurudi nyuma na mbio ya karibu mita 7 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 25 kwa saa, mbio ya pikipiki yenye kupita sokoni. Lakini pikipiki iko na barabara ya kusimamia. Kitelezo kiko na sentimita 5 tu.

Watu wengi wanafikiri kwamba resori ndiyo inasimamisha kitelezo. Hapana. Resori ya kawaida ya bastola hiyo, hata ikibanwa mpaka mwisho, inasukuma na nguvu yenye kulingana na uzito wa kilo 7 hivi. Inapunguza mbio kidogo, na nyundo yenye kitelezo kinalazimisha kulala nyuma inapunguza kidogo pia. Lakini nguvu kubwa yenye kubaki inaishia pale ambapo kitelezo kinagonga kiunzi. Kazi ya kwanza ya resori ni ingine: kurudisha kitelezo mbele na kuingiza risasi mpya katika mututu.

Kwa hiyo kugonga si kosa la fundi. Browning alijua kwamba chuma kitagonga chuma, na alitengeneza kiunzi kizito cha kuvumilia. Ulizo ni hili: kitavumilia mara ngapi?

Bufa inafanya kazi namna gani

Bufa ni kama kiatu kidogo chenye umbo la herufi U, chenye unene wa milimita mbili ao tatu. Kinawekwa juu ya fimbo yenye kuongoza resori, kati ya kitelezo na kiunzi. Kitelezo kikifika mwisho wa safari yake, hakigongi tena chuma. Kinabana plastiki.

Plastiki haiondoe nguvu ile. Inaigawanya katika muda murefu zaidi. Mutu mwenye kuruka toka juu ya lori anajua jambo hilo hata kama hakusoma fizikia: akikunja magoti, hataumia, akiweka miguu wima, mifupa italia. Uzito ni ule ule na urefu ni ule ule. Kimebadilika tu ni muda wa kusimama. Mushindo wenye kusambaa katika muda murefu haufikie kilele kikali, na kilele hicho ndicho kinaponda chuma.

Wakaaji wa Goma wako na mufano mbele ya macho yao kila siku. Chukudu, kile chombo cha mbao chenye kubeba makaa, viazi na mbao, magurudumu yake yanavalishwa mupira wenye kukatwa katika mipira ya zamani ya magari. Mupira huo hauongeze nguvu ya chukudu. Unakula mushindo wa mawe ya volkano pahali pa mbao. Unachakaa, unatolewa, unawekwa mwingine, na gurudumu linabaki. Bufa ni fikra ile ile: kitu cha bei ndogo kinakufa juu ya kitu cha bei kubwa.

Wapigaji wa mashindano ndio walifungua mulango

Askari wa kawaida hapigi risasi nyingi na bastola yake. Kuna bastola za kijeshi zenye kupitisha miaka ndani ya mufuko wa ngozi na kutoka mara chache tu kwa mazoezi. Silaha kama hiyo inachakaa zaidi kwa jasho, muchanga na kutu kuliko kwa mushindo.

Hali ilibadilika wakati muchezo wa kupiga bastola ulianza kuwa mukubwa. Mwaka wa 1976, katika muji wa Columbia, jimbo la Missouri, Jeff Cooper na wenzake walianzisha shirika la kimataifa la muchezo huo, lenye kujulikana kwa herufi IPSC. Mushindani mwenye bidii anaweza kupiga maelfu ya risasi kila mwaka, na wengi walitumia bastola ya 1911. Silaha yenye kutengenezwa kwa vita ikaanza kufanya kazi ya mashini ya kiwanda.

Kulikuwa na sababu ya pili. Juu ya kupata shabaha ya haraka, wapigaji wengi walipunguza nguvu ya resori, ili kitelezo kisishushe sana mudomo wa bastola kinaporudi mbele. Lakini resori nyepesi inapunguza kidogo zaidi mbio ya kitelezo, na kitelezo kinagonga kiunzi na nguvu zaidi. Bufa ikawa kama jibu.

Mumoja kati ya wale waliolitangaza jibu hilo ni Bill Wilson wa Berryville, jimbo la Arkansas, mutu mwenye alijifunza kwanza kazi ya kutengeneza saa kabla ya kuingia katika kazi ya silaha. Kampuni yake, Wilson Combat, inauza bufa yenye jina la Shok-Buff, na jina hilo limekuwa karibu jina la kitu chenyewe kati ya wapenzi wa 1911.

Matatizo yenye bufa inaleta

Kama kipande hiki ni kizuri hivi, juu ya nini kila bastola haikiweke? Sababu ni kwamba nafasi ndani ya bastola si ya bure. Bufa inaomba nafasi, na nafasi hiyo inatoka katika safari ya kitelezo.

Kitelezo kinapaswa kurudi nyuma kupita ganda la risasi, kulitupa inje, na kupita pia nyuma ya risasi yenye kungojea juu ya kikasha. Ni lazima kiende mbali kidogo zaidi, ili risasi hiyo ipate muda wa kupanda. Bufa ya milimita mbili ao tatu inakata sehemu ya muda huo. Katika bastola ndefu kuna akiba ya kutosha. Katika bastola fupi, zile za kuficha chini ya koti, akiba ni ndogo sana. Hapo bufa inaweza kufanya kitelezo kikose kushika risasi, ao kikose kubaki wazi nyuma ya risasi ya mwisho.

Tatizo la pili linahusu mikono. Wakati kikasha kimeisha, kitelezo kinabaki nyuma, kikishikwa na komeo dogo. Polisi wengi wanafundishwa kuweka kikasha kipya, kuvuta kitelezo nyuma kidogo, kisha kukiachilia. Ikiwa bufa imejaza nafasi ile ndogo, kuvuta kunakosa maana: kitelezo hakina tena pa kwenda. Lazima kubonyeza komeo na kidole. Mutu mwenye hajui hivyo anaweza kufikiri silaha imekwama, na anafikiri hivyo katika wakati mubaya zaidi wa maisha yake.

Tatizo la tatu ndilo baya zaidi. Plastiki inakufa, ndiyo kazi yake. Bufa inapigwa mpaka inapasuka, na watumiaji wenye uangalifu wanaibadilisha kisha risasi mia chache, wala hawazidishe elfu moja hivi. Mutu akisahau, vipande vinaweza kukatika na kuingia kati ya resori na fimbo yake. Mafuta ya silaha na joto vinaweza kuharakisha jambo hilo. Kipande chenye kiliwekwa kulinda bastola ndicho kinaifunga.

Hapo ndipo mafundi wengi wanaweka mupaka: bufa kwa bastola ya mazoezi na mashindano, ndiyo, kwa bastola yenye kubeba uzima wa mutu, hapana. Mushindani mwenye silaha yake inakwama anapoteza sekunde na pointi. Mulinzi anaweza kupoteza maisha, yake ao ya mutu mwenye alikuwa analinda.

Viwanda vilijibu namna ingine

Historia ya bastola za miaka 40 ya mwisho inaonyesha kwamba tatizo la mushindo si la kuwaza tu. Mwaka wa 1987 Colt ilitoa bastola yenye jina la Delta Elite, katika umbo la 1911 lakini kwa risasi yenye nguvu zaidi, ya milimita 10. Kiwanda kiliweka resori mbili pahali pa moja, pamoja na fimbo ya plastiki ya kupokea mushindo. Hata hivi, viunzi vya kwanza vilianza kupasuka pahali pembamba, juu ya tundu la komeo. Jibu la Colt lilikuwa la kushangaza: ilikata na kuondoa kabisa kile kipande chembamba. Chuma chenye hakikuwa na kazi kubwa kilikuwa kinakusanya nguvu na kuanzisha ufa. Pasipo hicho, hakuna tena pa kupasukia.

Katika miaka ile ile, jeshi la Marekani lilikuwa linapokea bastola ya Italia, Beretta, yenye ilichukua nafasi ya Colt mwaka wa 1985 kwa jina la M9. Vitelezo kadhaa vilivunjika katikati, na kipande cha nyuma kikaruka kuelekea uso wa mupigaji. Kuna watu walioumia. Watu walibishana juu ya chuma na juu ya nguvu ya risasi zilizotumiwa. Lakini kiwanda kilifanya pia jambo moja la hekima: kilipanua kichwa cha pini ya nyundo na kuchimba mufereji katika kitelezo, ili kama kitelezo kitavunjika, kipande cha nyuma kishikwe na kisifike usoni. Badiliko hilo halizuie chuma kuvunjika. Linazuia kuvunjika huko kuumiza mutu.

Kwa Wabelgiji wa kiwanda cha FN, kule Herstal karibu na muji wa Liège, tatizo lilifika wakati wa bastola ya GP, yenye kujulikana duniani kwa jina la Hi-Power. Browning aliianza, akafa palepale Herstal tarehe 26 Novemba 1926, na Mubelgiji Dieudonné Saive akaimaliza. Jeshi la Ubelgiji liliichukua mwaka wa 1935. Kwa risasi ya milimita 9, kiunzi chake cha chuma cha kufuliwa kilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Lakini katika miaka ya 1990, wakati kiwanda kilitaka bastola hiyo ipige risasi yenye nguvu zaidi ya .40, kiunzi cha zamani hakikutosha. Kililazimika kutumia kiunzi chenye kumiminwa katika kalibu, cha chuma kigumu zaidi, pamoja na kitelezo kizito zaidi.

Wajerumani wa Heckler & Koch walichukua njia ya bufa, lakini si ya plastiki ya kuongeza nyuma. Katika bastola yao ya USP ya mwaka wa 1993, resori ya pili yenye nguvu iliwekwa juu ya fimbo yenyewe, yenye kupokea kitelezo mwishoni mwa safari. Nafasi yake ilihesabiwa tangu siku ya kwanza. Glock ya Austria nayo ilitumia kiunzi cha plastiki chenye kunyumbuka kidogo, na mwaka wa 2010, katika kizazi chake cha ine, ikaingiza muungano wa resori mbili.

Mafunzo ni wazi. Kupunguza mushindo ni jambo la maana, lakini kunafanyika vizuri zaidi katika kiwanda, pale ambapo fundi anaweza kupanga uzito, nafasi na nguvu pamoja. Kipande chenye kuongezwa kisha kinakula nafasi yenye mwenye kuchora silaha alikuwa ameiwekea kazi ingine.

Resori kwanza, bufa nyuma

Kwa mwenye kutunza silaha za serikali, ao za kampuni ya ulinzi yenye ruhusa, jambo la kwanza si kununua bufa. Ni kubadilisha resori kwa wakati. Resori yenye kuchoka inakuwa fupi na inasukuma kidogo. Kitelezo kinarudi nyuma na mbio zaidi, na kiunzi kinapokea muzigo. Wengi wenye bastola ya 1911 wanabadilisha resori kisha kila risasi 2.000 ao 3.000 hivi. Resori ni ya bei ndogo, haipunguze nafasi, na haiachi vipande ndani ya silaha.

Watu wengine wanafikiri basi waweke resori kali sana. Hilo pia ni kosa. Resori kali inarudisha kitelezo mbele kwa hasira, na mushindo unahama tu: badala ya kupiga nyuma, unapiga mbele, pale ambapo mututu unafungana na komeo. Tena kitelezo kinaweza kukosa kufika nyuma kabisa kama risasi ni dhaifu. Ni kama amortisa ya pikipiki: ikiwa laini sana inagonga chini, ikiwa ngumu sana inatupa muzigo na abiria.

Jambo la pili ni macho. Fundi anapofungua bastola, anaangalia pale ambapo kitelezo kinagonga kiunzi. Kungaa kidogo ni kawaida. Chuma chenye kupondeka na kuinua kingo, kama kichwa cha patasi yenye kupigwa nyundo siku nyingi, ni alama kwamba resori imekufa ao risasi ni kali kupita kiasi. Ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, unatosha kuondoa silaha katika kazi.

Jambo la tatu ni kalamu. Bila kuandika hesabu ya risasi zilizopigwa, hakuna mutu atajua resori imefikia wapi, na bufa kama iko ndani imechoka namna gani. Daftari moja ndani ya depo ya silaha linaweza kuokoa chuma kingi kuliko katoni nzima ya plastiki.

Vipande vya kutengeneza navyo viko chini ya sheria

Kwa wasomaji wa mashariki ya Kongo, kuna upande mwingine wenye hauwezi kusahauliwa. Katika inchi yetu silaha si kitu cha kuchezea wala cha kupeleka kwa fundi wa pembeni ya barabara. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inapanga mambo ya silaha na risasi, na mutu hawezi kuwa na silaha bila ruhusa.

Zaidi ya hapo, tarehe 30 Aprili 2010 inchi za Afrika ya Kati zilikubaliana katika muji wa Kinshasa juu ya mukataba wa kusimamia silaha ndogo na nyepesi, wenye kuanza kufanya kazi tarehe 8 Machi 2017. Jina lake refu halitaje silaha na risasi peke yake. Linataja pia vipande vyote vyenye kutumiwa kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Wale waliouandika walielewa jambo lenye fundi yeyote anajua: bunduki yenye kukufa haifi kabisa kama kuna mutu wa kuiletea resori mpya.

Ndiyo maana habari hii ya kipande kidogo si ya mafundi peke yao. Silaha ya chuma inaishi miaka mingi kuliko askari mwenye aliipokea. Bastola zenye kutengenezwa Ulaya kabla wengi wetu kuzaliwa zingali zinafanya kazi, na zinafanya kazi kwa sababu mutu fulani, pahali fulani, alibadilisha resori. Kwa polisi mwenye kulinda wakaaji, matunzo hayo ni haki yake: asipewe kazi ya hatari na chombo chenye kinaweza kuvunjika usoni mwake. Kwa serikali, ni wajibu wa kujua kila resori, kila fimbo na kila pini inaingia katika silaha gani, na kwa mukono wa nani.

Kuhusu bufa yenyewe, jibu la mafundi wenye uzoefu ni fupi. Uwanja wa muchezo unaweza kuivumilia, kama bastola ni ndefu na mwenyewe anaibadilisha kabla haijapasuka. Silaha ya kazi inapaswa kubaki namna kiwanda kiliitengeneza, na resori mpya, mafuta kidogo, na mutu mwenye anaangalia.